Vipochi Vitano

Kitu cha kwanza kutoka begini kilikuwa mwavuli. Cha pili, kikopo cha chakula kilichonuka ndengu za mchana. Cha tatu, chaja ya kompyuta iliyojiviringisha na soksi moja, na hadi leo sijui ile soksi ilifika pale vipi. Nilikuwa natafuta inhela. Nilikuwa ndani ya mathree pale Jogoo Road, mvua inanyesha, madirisha yote yamefungwa, mtu wa nyuma yangu amejipaka pafyumu ya kutosha watu watatu, na kifua changu kilikuwa kimeanza ule mluzi ambao nimeujua tangu darasa la tatu.

Kama huna pumu, wacha nikueleze kidogo. Kwangu haianzi kwa kukosa hewa. Inaanza kwa hesabu. Unajiambia: iko kwa begi, tulia. Unaingiza mkono. Unagusa kitu kigumu, unafurahi, unakitoa, kumbe ni chupa ya losheni. Unaingiza tena. Kila pumzi ni fupi kuliko ile ya kabla, na kila unachogusa si chenyewe. Mkono unaanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka haupati kitu hata kama kiko juu kabisa.

Tulikuwa tumekwama kwa jam mbele kidogo ya City Stadium. Ilikuwa moja ya zile nganya zinazojipenda, taa za ndani zambarau, muziki hadi viti vinacheza. Inhela yangu ni ya buluu. Ndani ya taa ya zambarau, kila kitu ni buluu.

Mama aliyekaa kando yangu, mfuko wa sukuma magotini, aliniangalia mara moja tu. Hakuniuliza kama niko sawa. Alisema, "Lete hapa," akaweka sukuma chini, akachukua begi langu na kuligeuza juu chini mapajani mwake.

"Konda! Zima hiyo kelele uwashe tochi! Huyu mtoto hapumui!"

Muziki ukazimwa. Gari zima likanyamaza. Na kwa mwanga wa simu ya konda, maisha yangu yote yakawa wazi mapajani mwa mtu nisiyemjua: risiti za supamaketi, pedi mbili zilizotoka kwenye karatasi zake, kalamu tatu bila vifuniko, kitambulisho, waya za masikio zilizosokotana kama nywele ambazo hazijachanwa mwezi mzima, barua za kuomba kazi nilizochapisha nikakosa moyo wa kuzipeleka. Na testa ya baba.

Konda aliiokota ile testa, akaigeuza kwenye mwanga. "Madam, kwani wewe ni fundi wa stima?"

Watu wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya. Sikuweza kumjibu, kwa sababu mbili, na kifua kilikuwa moja tu.

Inhela ilipatikana ndani ya mwavuli. Ilikuwa imeteleza ikaingia kwenye mikunjo. Yaani kitu cha kwanza kutoka ndicho kilichokuwa nayo muda huo wote. Nikaitikisa, nikavuta, nikashika pumzi, nikavuta tena. Yule mama alinishika mgongo, akaacha mkono hapo, mzito na wa joto, hadi gari likasonga.

Tulipofika Donholm nilikuwa naweza kuongea. Nikamwambia asante. Alikuwa anajiandaa kushuka, sukuma zake mkononi tena.

"Hiyo kitu yako itafutie mahali pake," akasema. "Siku nyingine hutakaa na mimi."

Kesho yake nilipita kwa duka la dawa. Kijana wa pale, rika langu kabisa, aliichukua inhela, akaitikisa karibu na sikio, akaniuliza niliinunua lini. Sikukumbuka. Akaniuliza nimeivuta mara ngapi. Nikacheka. Nani huhesabu?

Akanieleza kitu ambacho nimetumia inhela zaidi ya miaka kumi na tano bila kukijua. Kopo moja kama langu lina dozi 200. Zikiisha, kopo halinyamazi. Ukibonyeza bado linatoa mvuke, bado linatoa ile sauti, kwa sababu ile gesi ya kusukuma dawa bado imo. Usipohesabu, utaendelea kuvuta upepo ukidhani ni dawa. "Bahati yako hii ilikuwa na kidogo," akasema. Nikalipa mpya, pesa ya lanchi ya siku mbili, nikatoka.

Wiki hiyo nililala usiku wa manane kila siku nikitazama video. Kuna ulimwengu mzima huko YouTube wa watu, wengi wao Wamarekani, wanaotandaza mezani kila kitu wanachobeba kwa siku na kukueleza kimoja kimoja. Tochi ya chuma. Kisu. Kalamu ambayo bei yake ukiigeuza kuwa shilingi unafunga simu. Kisha wanakuonyesha vile kila kitu kinaingia kwenye kipochi chake, na vipochi vyote vinaingia kwenye begi kama mayai kwenye trei. Niliwacheka, halafu nikaendelea kuwatazama.

Jambo moja walinifunza. Usipange vitu kwa kufanana. Vipange kwa saa utakayovihitaji. Mimi ningeweka dawa zote pamoja: inhela, Panadol, za kuzuia kutapika. Lakini Panadol inaweza kusubiri dakika tano nikiitafuta. Inhela haiwezi. Hizo si ndugu, hata kama zimetoka duka moja.

Lakini kuna mambo hawayajui. Wale jamaa wana gari. Kilichokosa nafasi begini kinakaa kwa gari. Mimi natoka Pipeline saa kumi na moja na nusu asubuhi na kurudi saa tatu usiku, na nikisahau kitu, nimesahau. Begi ndilo gari langu, ndilo droo yangu ya ofisi, mvua ikinyesha ndilo kabati langu. Pia hawajui mambo ya askari wa mlangoni. Hapa Nairobi, hasa tangu shambulio la Westgate mwaka wa 2013, kufungua begi mlangoni ni kama salamu. Siku ya kwanza nilipoenda town na vipochi vyangu, askari wa jengo moja aliniomba nifungue kimoja kimoja. Alipofika cha pedi akasema, "Sawa, sawa, pita."

Na hawajui wezi wetu. Kila nafasi rahisi kwa mkono wako ni rahisi pia kwa mkono wa mwingine. Mfuko wa nje wa begi ndio ulio karibu, na ndio wa kwanza kufunguliwa pale Muthurwa. Kwa hivyo kupanga begi la Nairobi ni mazungumzo kati ya mtu mwenye haraka na mwizi, na wewe ndiye lazima uwaridhishe wote wawili.

Sikununua chochote cha nailoni. Cha kwanza, cha inhela, nilishonewa na fundi wa cherehani karibu na stage yetu kwa 100 bob, kutoka mguu wa jinzi iliyochakaa. Kina kamba iliyofungwa ndani ya begi, juu, upande wa mkono wa kulia: mimi nikivuta kamba kinakuja, mwizi akivuta kinabaki. Ndani kuna inhela na kikaratasi chenye tarehe ya kuinunua na mistari ya kalamu, mstari mmoja kwa kila nikivuta.

Cha pili ni cha moto: pawabanki, waya mfupi, kichwa cha chaja. Hicho ni kikasha laini cha penseli nilichotoa Gikomba, kina maandishi ya lugha nisiyoijua. Cha tatu ni cha mwili: pedi, tishu, Panadol, kitana, mafuta ya midomo. Cha nne ni cha karatasi: kitambulisho, kadi ya benki, funguo, na noti moja ya 500 ambayo haihesabiwi. Hicho hukaa chini kabisa, upande unaogusa mgongo wangu.

Mama yangu alipanga vitu kwa majuala. Kila kitu na juala lake, na kila juala na fundo lake: la sukari, la vyeti vya kuzaliwa, la nyuzi. Majuala yalipopigwa marufuku Agosti 2017, watu wengi walilalamikia mboga watabebea wapi. Mama alilalamikia vyeti. Kabla yake, nyanya alikuwa na pindo la leso, na pindo hilo halikuwahi kupoteza hata shilingi. Kwa hivyo nisikudanganye kwamba nilijifunza kupanga vitu kutoka kwa Wamarekani.

Na tena kulikuwa na begi la baba.

Baba alikuwa fundi wa stima huko Nakuru, mtaani Kivumbini. Alifariki mwaka wa 2021. Kila nikisema alikuwa fundi wa stima, watu hunyamaza wakidhani ndiyo iliyomuua. Hapana. Ilikuwa kisukari, polepole, na mwisho haraka.

Nilipokuwa mdogo, siku za likizo, alinibeba kwenda kazini. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Fundi wa stima akifika kwa nyumba ya mtu, jambo la kwanza ni kuzima swichi kuu, kwa hivyo kazi yake yote anaifanyia kwenye giza alilolileta mwenyewe. Baba alikuwa anapanda juu ya dari, mimi niko chini kwenye ngazi na tochi, na sehemu kubwa ya muda mwanga wangu ulikuwa unamulika mahali pasipotakiwa. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono kwenye begi bila kuangalia, akatoa koleo. Akanyoosha tena, tepu nyeusi. Akanyoosha tena, bisibisi ndogo, si kubwa. Begi lenyewe lilikuwa la turubai, na ndani yake mama alikuwa amemshonea vifuko vya kila namna: kimoja kinafungwa kwa kifungo cha koti, kingine kwa kifungo cha shati, kingine kwa kamba ya kiatu, kingine kwa pini. Nilikuwa nikiona aibu kidogo. Mafundi wengine walikuwa na masanduku ya chuma. La baba lilionekana kama tumeliokotea vipande.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya testa. Ukiijua testa, ni ile bisibisi yenye mpini unaoangaza ndani, na ndani yake kuna kitaa kidogo. Unagusisha ncha kwenye waya, unaweka kidole nyuma ya mpini, na kama waya una moto kitaa kinawaka. Kama hakiwaki, waya hauna moto. Au testa ni mbovu. Na hapo ndipo mafundi hufia, alisema baba, kwa sababu testa mbovu na waya usio na moto zinatoa jibu moja. Kwa hivyo kabla ya kuanza kazi, aliigusisha kwanza kwenye soketi anayojua ina moto. Kila siku. Testa ileile, soketi ileile ya nyumbani, na chai mkononi.

Sheria ya pili ilikuwa fupi: kifaa kibovu hakirudi begini. Hata kama ni cha bei, hata kama utakitengeneza kesho. Kwa sababu mkono ulio gizani hauna habari kuwa kimeharibika. Mkono unaamini begi.

Alipofariki, vifaa vingine viliuzwa kulipa bili, vingine vikachukuliwa na mafundi wenzake. Nilichukua testa kwa sababu ilikuwa ndogo na hakuna aliyeiulizia. Niliitia begini siku ya mazishi nikarudi nayo Nairobi, na ikabaki hapo chini pamoja na soksi na risiti, miaka miwili na zaidi, hadi usiku konda alipoiokota.

Nilipotengeneza vipochi, ikawa ndiyo kitu pekee kisicho na mahali. Haikuwa ya pumzi, ya moto, ya mwili, wala ya karatasi. Nikakata mfuko wa kifuani wa koti lake la kazi, ule wenye kifungo cheupe, nikaushona mwenyewe kwa mkono ukawa kipochi. Cha tano. Nikiulizwa na watu nasema vipochi vyangu ni vinne.

Nilijiwekea sheria ya Jumapili jioni: namwaga begi lote kitandani, na kitu ambacho sijakitumia mwezi mzima kinatoka. Mwavuli ulipona. Zile barua za kazi zilitoka, yaani nilizipeleka, na moja ikajibiwa. Testa ilianguka mtihani huo kila Jumapili, na kila Jumapili niliirudisha.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, mdogo wangu alinipigia. Anasomea stima chuoni, mwaka wa kwanza.

"Dada, ile testa ya mzee, nani alibaki nayo?"

"Sijui," nikasema. Ilikuwa begini, mgongoni mwangu. "Nunua mpya, nakutumia pesa."

Nikamtumia 200 kwa M-Pesa. Akasema asante. Sikulala vizuri siku hiyo, lakini pia sikumpigia tena.

Desemba nikaenda nyumbani. Mama aliliona begi langu limefunguka kitini, akaanza kutoa vipochi kimoja kimoja, akivibonyeza kama mtu anayechagua maparachichi.

"Nani alikufunza kufanya kila kimoja kivyake?" akauliza.

Nikamwambia ni rangi, hazionekani usiku. Nataka vidole vijue. Jinzi inakwaruza, kikasha kinateleza.

Akaniangalia. "Na wewe ulifikiri nilikosa vifungo vinavyofanana?"

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo. Kifungo cha koti, kifungo cha shati, kamba ya kiatu, pini. Haukuwa umaskini. Yaani, umaskini ulikuwepo, lakini vile vifungo vilikuwa maandishi, na vidole vya baba ndivyo vilivyokuwa vikisoma.

Halafu akafika kipochi cha tano. Alikijua kabla ya kukifungua. Alikishika kifungo kile cheupe kati ya vidole viwili, hakusema kitu, akaniachia mimi nikifungue.

Mdogo wangu alikuwa jikoni akirekebisha soketi ya mama iliyolegea. Testa yake aliiacha chuoni. Nikaingia jikoni nikampa ile ya baba, bila maelezo. Aliitazama, akanitazama, na nikajua amekumbuka Agosti. Hakusema lolote. Ni mtoto wa baba yake: kabla ya kuigusa ile soketi mbovu, alienda kwanza kwenye soketi ya sebuleni ambapo simu ya mama ilikuwa inachaji. Akaingiza ncha, akaweka kidole nyuma.

Hakuna kitu.

Akajaribu tundu la pili. Akaifuta kwa shati, akajaribu tena. Simu ya mama ilikuwa bado inachaji pale chini.

"Imekufa hii," akasema.

Sisi husema hivyo kwa kila kitu, redio imekufa, betri imekufa, simu imekufa, na hakuna anayesimama. Lakini wote watatu tulisimama pale sebuleni.

Sijui ilikufa lini. Labda ilikufa begini mwangu, kwa unyevu wa mwavuli, au kwa kugongwa na kikopo cha ndengu. Nilikuwa nimeibeba nikidhani naitunza. Nilikuwa nimeipa kipochi kizuri kuliko vyote, nikaifungia kifungo, na sikuwahi hata siku moja kuigusisha kwenye soketi kama mwenyewe alivyofanya kila asubuhi. Ningempa mdogo wangu Agosti, angeipima kwanza, naamini. Lakini kuna siku mtu ana haraka. Nikakumbuka kijana wa duka la dawa akiitikisa inhela sikioni. Upepo unaotoa sauti ya dawa. Mahali pazuri pa kukaa hapakufanyi uwe mzima.

"Basi hairudi kwa begi," mama akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anarudia tu sheria.

Akaichukua, akafungua kabati la vyombo, akaiweka kati ya vikombe vya wageni, vile ambavyo hatuvitumii. Mdogo wangu akazima swichi kuu, akawasha tochi ya simu, akanipa niishike. Nilimulika vibaya. Aliitengeneza ile soketi hivyohivyo.

Nilirudi Nairobi na kipochi cha tano kitupu. Nilidhani nitakiacha Nakuru, lakini mama alikitia begini mwenyewe. Sasa kina inhela ya pili, ya akiba, na kinakaa upande wa kushoto, kwa sababu nimegundua kwamba usiku ule mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshikilia kiti cha mbele. Kikaratasi chake kina tarehe na hakina mstari hata mmoja.

Jumapili iliyopita nilimwaga begi kitandani kama kawaida. Nilizitikisa inhela zote mbili, nikasoma tarehe, nikahesabu mistari ya ile ya kwanza. Zimebaki 163. Nikaandika, nikafunga kifungo.